Ubao Usiotaka Chaki

Kitale, 9 Februari 2009

Baba,

Assalaam aleikum. Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi. Natumai kifua kimetulia na unakumbuka kuvaa ile sweta ya kijivu, hata kama unasema inakufanya uonekane mgonjwa. Mimi ni mzima. Mkweo Naim pia ni mzima huko Doha. Kazi ni nyingi, lakini anakusalimu sana, anasema hajasahau kiboko chako cha Darasa la Saba.

Jumapili nilikupigia simu mpaka nikachoka. Inaita tu, inaita, halafu inakata. Uko sawa? Tangu Mama afariki sipendi kufikiria nyumba yote hiyo ya Kanduyi na wewe peke yako ndani. Basi nikaona niandike.

Sasa sikia maajabu. Wageni kutoka ng'ambo waliotembelea shule mwezi jana wameleta ubao. Si wa chaki, Baba. Ni mweupe, mpana kama mlango uliolazwa, umeunganishwa na kompyuta, na juu yake kuna taa inayorusha picha. Ukiigusa picha kwa kidole, inakufuata. Ukiandika kwa kidole, mstari unatokea. Ukitaka kufuta unapitisha kiganja na hakuna vumbi. Mgeni mmoja alikuwa na simu ya namna hiyo hiyo, haina kitufe hata kimoja, anaipapasa tu kama anayefuta jasho. Madam Dinah, mwalimu mkuu wetu, amenikabidhi ubao huo mimi kwa sababu ati mimi ndiye kijana. Kijana wa miaka thelathini na tatu!

Lakini kuna shida. Picha haionekani vizuri kukiwa na mwanga, kwa hiyo tunafunga mapazia. Tukifunga mapazia, watoto hawaoni mikono yangu. Na unajua watoto wangu, mikono yangu ndiyo sauti yangu kwao. Ukiwasha ubao, mwalimu anapotea. Mwalimu akionekana, ubao unapotea. Sijui wageni walifikiria darasa la viziwi au darasa lolote tu.

Nikumbuke katika dua zako.

Binti yako, Arafa

*

Bungoma, 1 Machi 2009

Mwanangu Arafa,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Barua yako ilinikuta salama, nami nimeisoma jana na leo tena. Mvua imeanza kutisha ila bado haijanyesha, na watu wa hapa wameshatayarisha mashamba. Kifua hakina neno. Sweta ninaivaa.

Kuhusu simu, usijisumbue. Nikitoka naiacha kabatini, na nikiwa ndani chaji imekwisha. Barua ni afadhali. Barua mtu huisoma kwa wakati wake.

Habari ya ubao wako imenifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yangu yote nimemeza chaki, na kumbe ilikuwa inawezekana kuandika kwa kidole! Hata hivyo, shida uliyoieleza si ngeni. Nilipokuwa nafundisha, jua la saa nne lilipiga ubao ukang'aa hata watoto wa nyuma wasione kitu. Usifunge madirisha yote. Funga lile lililo karibu na ubao peke yake, na iwe gizani ile pembe tu. Ya nyuma yaache wazi. Kisha wewe usisimame ubavuni mwa ubao. Simama hatua chache mbele, upande ulio wazi, mwanga ukupige usoni na mikononi. Watoto wageuze shingo kidogo. Shingo ya mtoto haichoki.

Kuadhini alfajiri nimewaachia vijana. Umri umekwenda, na wao wana sauti nzuri.

Halafu nina swali. Jirani yetu Mzee Wekoye masikio yanamsumbua. Anasema watu siku hizi wanazungumza kama wana pamba mdomoni. Wewe unayejua mambo hayo, unamshauri nini? Usimtaje kwa mtu, ana haya.

Mpe Naim salamu zangu.

Babako, Mohamud

*

Kitale, 22 Machi 2009

Baba mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kwangu. Huku mvua imekuja na upepo, na chumba changu cha nyuma ya shule kinavuja pale pale kilipovuja mwaka jana, kwa hiyo tunajuana.

Dirisha! Nilifanya ulivyosema, na Jumatatu watoto waliniona mimi na ubao kwa wakati mmoja. Madam Dinah aliuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nimesomea kwa baba yangu.

Kuna msichana anaitwa Jelimo, ana miaka minane, ametoka mlimani juu ya Saboti. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa mdogo. Tangu aje hajawahi kusimama mbele ya darasa. Siku hiyo niliweka picha za wanyama na boma, nikamwita. Akagusa ng'ombe. Ng'ombe akasogea. Jelimo akarudisha mkono kama aliyeungua, halafu akaenda kuchungulia nyuma ya ubao aone ni nani anayevuta! Darasa zima likamfuata. Ukuta mtupu. Wakarudi wakicheka, Baba, ile kelele yao wasiyojua kwamba ni kelele.

Kisha akafanya kazi. Akachukua ng'ombe, kuku, mbwa na mbuzi, akawaingiza wote ndani ya nyumba ya watu. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba kuku ana banda lake nje. Akakataa. Akajibu: nje usiku kubaya. Huko kwao, wakati wa vita vya mlimani, walilala msituni. Nikaacha kuku alale ndani.

Kuhusu Mzee Wekoye: kwanza aende hospitali waangalie kama ni nta tu. Watu wasimpigie kelele, kelele haisaidii. Wakae mbele yake, mwanga uwe usoni mwao, waseme polepole, na kama hakuelewa wabadilishe maneno badala ya kurudia yale yale. Na barabarani awe mwangalifu.

Likizo ya Aprili sitakuja. Kuna mafunzo ya ubao. Naim yuko salama.

Binti yako, Arafa

*

Bungoma, 19 Aprili 2009

Mwanangu Arafa,

Nakusalimu kwa salamu za amani. Nilikuwa nimemwambia mama wa maziwa alete chupa mbili kwa sababu unakuja. Si neno, nilikunywa mimi. Mafunzo ni muhimu. Mahindi yameota vizuri na majirani wote hawajambo.

Mzee Wekoye alikwenda hospitali kama ulivyosema. Si nta. Daktari aliandika kwenye karatasi, kwa kuwa kumwambia kulishindikana, kwamba mishipa ya ndani inakufa na hairudi. Alimwonyesha na mashine ndogo ya kuvaa sikioni, lakini ilipowekwa ilimletea ngurumo tu kama gari la mawe. Ameirudisha.

Anaishi vizuri. Watu bado wanamsalimia. Yeye hujibu "njema" kwa kila kitu, na mara nyingi inatosha. Lakini lipo jambo moja analoniuliza. Anauliza, je, mtu asiposikia tena, zile sauti alizozijua zinapotea hata akilini? Anasema usiku hujaribu kuikumbuka sauti ya marehemu mke wake, jinsi alivyokuwa akimwita kutoka jikoni. Zamani ilikuwa inakuja mara moja. Sasa inakuja mbali, na siku nyingine inakuja na sauti ya mtu mwingine.

Ukipata nafasi, nijibu hilo.

Babako, Mohamud

*

Kitale, 10 Mei 2009

Baba,

Salaam. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Sikujua kwamba mke wa Mzee Wekoye amefariki. Nilimwacha mzima Desemba, akiuza ndizi pale njia ya kwenda stendi. Mpelekee pole zangu.

Mwambie hivi. Ninao watoto hapa waliosikia mpaka umri wa miaka mitano au sita. Niliwahi kumwuliza mmoja kwa mikono: unakumbuka sauti ya mama? Akafikiri sana. Akaniambia hakumbuki sauti, anakumbuka jinsi kifua cha mama kilivyotetemeka alipomlaza hapo na kumwimbia. Kwa hiyo mwambie Mzee Wekoye, sauti ikienda mbali asiifukuze. Akumbuke mke wake alivyosimama mlangoni akimwita, alivyoshika mwiko, alivyokunja kitambaa. Labda sauti itakuja nyuma yake. Sina uhakika, Baba. Sikufundishwa hilo chuoni.

Ubao ulituchezea wiki hii. Mtoto akigusa hapa, alama inatokea kule, shubiri nzima mbali na kidole. Kumbe mtu akiuegemea tu unachanganyikiwa, na lazima iguswe misalaba midogo inayotokea kwenye pembe zake ndipo ukumbuke mahali ulipo. Jelimo sasa ndiye fundi wa hiyo misalaba. Hataki mwingine aguse.

Jioni nikifunga darasa hubaki nikiuchorachora peke yangu. Ni upuuzi. Nachora nyumba halafu naifuta.

Je, unakula?

Arafa

*

Bungoma, 12 Julai 2009

Arafa,

Salaam. Usishtuke kwa mwandiko. Niliteleza mwezi jana nikaumia mkono na mguu, ndiyo maana nilinyamaza. Mama wa maziwa ananisaidia. Nakula.

Barua zako zote mbili, ya Mei na ya Juni, zilifika. Maneno ya Mzee Wekoye nilimfikishia. Alishukuru.

Usije. Ni mchubuko tu, na shule ina kazi.

Babako

*

Kitale, 2 Agosti 2009

Baba,

Assalaam aleikum. Mvua imekatika huku, mahindi ya watu wengi yamekauka kabla ya wakati, na wanatutangazia mgao wa stima. Madam Dinah anakupa pole ya mguu. Mimi nakupa pole pia, na nina habari.

Juzi nilikuwa nimesimama langoni wakati wa mapumziko, nikaona mzee anashuka barabarani na kikapu. Mzee Wekoye! Alikuwa njiani kwenda Kachibora kumwona binti yake aliyejifungua, akaona apite anisalimie. Mimi nikakumbuka mashauri yangu yote. Nikamshika mkono, nikamgeuza mwanga uwe usoni mwangu, nikafungua mdomo polepole: "Mzee. Hujambo. Habari. Ya. Nyumbani."

Akaniangalia. "Mwarimu, unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nimeambiwa masikio yamekusumbua."

"Masikio gani? Haya yangu? Haya nasikia mpaka panya wa jirani akikuna ukuta."

Nikamwuliza habari ya mama.

"Yuko, bana! Amekutumia hii ndizi. Arisema nisikure hata moja njiani."

Nilipokea zile ndizi. Sikujua niziweke wapi. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alivua kofia, akaigeuzageuza, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Rakini mzee wako, Arafa. Hukuambiwa? Si piki irimgonga pale karibu na stendi. Iripiga honi, iripiga honi, sisi wote turiruka kando. Yeye aritembea tu, mikono nyuma, kama mtu anaenda msikitini. Turimwita jina. Hakugeuka."

Nikamwuliza, tangu lini hasikii?

"Mwaka wa piri sasa. Sisi tunajua. Yeye hajui kama tunajua."

Basi, Baba, nakuandikia kukujulisha kwamba Mzee Wekoye ni mzima, masikio yote mawili, na mke wake yuko hai. Namshukuru Mungu kwa ajili yao.

Mguu unaendeleaje?

Arafa

*

Bungoma, 30 Agosti 2009

Mwanangu,

Ramadhani karim. Leo ni Jumapili, nimeketi nyuma ya nyumba mahali penye kivuli. Mguu unakanyaga. Ninaandika polepole ili mkono usinidanganye.

Kwanza ziliondoka sauti nyembamba. Ndege wa asubuhi, nilidhani wamehama. Kisha kijiko kwenye kikombe. Kisha watoto wa jirani, kisha wanawake, na wanaume wenye sauti nzito ndio waliobaki mwisho. Mwaka jana alfajiri moja nilisimama nikaadhini kumbe kijana mwingine alikuwa ameshaadhini na watu wamepanga safu ndani. Niliadhini yote, mpaka mwisho, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia. Nilipoingia wakanisubiri nijipange. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Hata wewe ulipokuja Desemba nilikusoma midomo, na nilipokosa nilijibu njema.

Unataka kujua kwa nini nilimsingizia Wekoye. Kutwa nzima wewe uko na watoto wasiosikia. Unasema kwa mikono mpaka vidole vinakuuma, uliniandikia hivyo mwaka wa kwanza. Sikutaka umalize kazi, ufunge safari, ufike nyumbani ukute kazi ile ile imekaa kwenye kiti inakungoja. Nyumbani pawe mahali pa kupumzika.

Naam. Sasa umejua. Usinihurumie, na usije kwa kunihurumia. Kitale si mbali, Arafa. Mtu akitoka hapa baada ya chai anafika kabla ya adhuhuri. Nimekuwa nikijiuliza: mimi nilikuwa najificha, je, wewe? Desemba ulikuja. Aprili hukuja, Agosti hii hukuja. Na barua zako tangu Mei hazina salamu za Naim. Hata ile ya Machi ilisema tu kwamba yuko salama, kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Sikuulizi. Nasema tu kwamba nimeona.

Babako, Mohamud

*

Kitale, 14 Septemba 2009

Baba,

Salaam, na saumu yako ikubaliwe. Mimi nafungua peke yangu na radio.

Idd sitakuja. Tafadhali usiniulize kwa barua. Siwezi kuliandika jambo hili nikalitia bahasha, nikalamba gundi, nikalipeleka posta kama kitu cha kawaida.

Njoo wewe. Mguu ukipona. Shule imefunguliwa, njoo siku yoyote ya kazi, uone ubao. Hakuna mtu hapa atakayekushangaa.

Arafa

*

Bungoma, 25 Oktoba 2009

Mwanangu Arafa,

Salaam aleikum. Nilifika nyumbani salama kutoka kwako, na Wekoye alinipokea stendi, maana sasa amejipa kazi ya kuwa masikio yangu. Ananishika mkono wa shati tukivuka barabara. Mvua imerudi.

Tangu Jumatano nimekuwa nikiiwaza siku ile, na kwa kuwa hatukuweza kuizungumza, wacha niiandike kama nilivyoiona mimi.

Nilipoingia darasani nilijiandaa kama ninavyojiandaa kila mahali: kutabasamu, kusema njema, kukazia midomo ya watu macho. Watoto wako wakasimama. Hawakufungua midomo. Waliinua mikono wakaitikisa juu kama majani, na ukanionyesha kwamba hayo ndiyo makofi yao. Nikakaa kwenye dawati la nyuma. Sijui kama ulinitazama. Nilikaa karibu saa nzima katika chumba chenye watu, na hakuna mtu aliyenipigia kelele, hakuna aliyerudia neno kwa ajili yangu, hakuna aliyenionea aibu. Nilikuwa sijui kitu walichokuwa wakisema, lakini nilikuwa sijui kama mgeni wa lugha asivyojua. Si kama mzee aliyeharibika.

Kisha ukaniita ubaoni. Niligusa, mstari ukatokea mbali na kidole changu, nikafikiri nimeuvunja. Yule mdogo, Jelimo, akaja akanisukuma kando kwa kiuno bila adabu, akagusa misalaba yake kwenye pembe, akanirudishia mkono wangu mahali pale pale. Nikaandika jina langu. Mwandiko wangu uliokuwa ukisifiwa na wakaguzi ulitoka umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Wakatikisa mikono tena. Nimewahi kupewa saa na serikali nilipostaafu, nikarudi nyumbani nikala, nikalala. Siku hii nimeshindwa kulala.

Watoto wakaenda kula. Ukafunga mlango, ukaanza kuniambia jambo. Niliiona midomo yako. Nikasema, "Nini?" Ukasema tena. Nikasema, "Nini, mwanangu?" Ukapaza sauti, niliona mishipa ya shingo, na mlango ukafunguka, mwalimu wa darasa la pili akachungulia kuona kuna nini. Alipoondoka hukujaribu tena. Nilidhani umekata tamaa nami. Ndipo ukageuka, ukaandika kwa kidole.

Naim ameniacha. Tangu Machi. Kwa ujumbe wa simu. Ameoa huko.

Herufi zilikuwa kubwa, za bluu, kila moja kama kichwa cha mtu. Nilisoma. Nikasoma tena, si kwamba sikuelewa. Naim nilimfundisha mimi. Nilimsifu mbele yako, nikamkaribisha kwa mikono miwili. Sasa naelewa ulikuwa ukinikinga mimi, kama nilivyokuwa nikikukinga wewe, na kila mmoja amekaa upande wake wa mji wa Webuye akiwa mpweke kwa ajili ya mwenzake.

Nilijua ni zamu yangu kuandika. Ulisimama ukinitazama. Nilitafuta neno la baba, neno zito, na kidole changu kikaandika: Umekula?

Ukacheka na ukalia kwa pamoja. Halafu stima ikapotea, na maneno yote mawili, lako na langu, yakaenda nayo. Ukabaki ubao mweupe. Tukakaa pale mpaka watoto waliporudi.

Njia nzima nilitafuta neno nililopaswa kuandika badala ya lile. Sijalipata. Kwa hiyo nakuuliza tena lile lile.

Babako, Mohamud

*

Kitale, 15 Novemba 2009

Baba yangu,

Nakusalimu, na msalimie Mzee Wekoye na mama wa ndizi, ambaye nafurahi kila siku kwamba yu hai.

Ndiyo, nimekula. Ugali na sukuma, kwenye sufuria, nimesimama. Nilipoachwa niligundua kwamba mtu wa peke yake anaacha kutumia sahani. Sasa nimetoa sahani.

Shule inafunga wiki hii. Wazazi wameanza kufika. Mamake Jelimo alikuja mapema. Amejifunza ishara chache tu, anazifanya kwa woga kama anayeshika mayai, lakini Jelimo alimwangalia mikono kama anaangalia sinema. Kabla hawajaondoka alimvuta mama mpaka ubaoni, stima hakuna, akamwonyesha jinsi ya kugusa ubao uliokufa. Mama akagusa. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama ameona kitu.

Nimefunika ubao kwa shuka langu ili vumbi la likizo lisiuingie. Madam Dinah anasema wageni wameandika barua pepe wanataka kujua kama ubao umeleta mabadiliko, na kwa asilimia ngapi. Ameniomba nijibu. Nimekaa mbele ya kompyuta siku mbili sijui niandike nini. Nimeandika: tunautumia.

Baba, niliogopa kuja nyumbani kwa sababu ya mlango wa mbele. Nilijiona nikishuka na begi moja, majirani wametoka, kila mmoja anauliza shemeji yuko wapi, na wewe umesimama hapo. Miezi yote hii niliogopa lile swali kuliko nilivyouogopa ule ujumbe wake. Bado naliogopa. Lakini nimechoka na chumba hiki. Jumamosi nilijikuta nazungumza kwa mikono nikiwa peke yangu, naiambia sufuria ingoje.

Nitakuja kwa Idd ya kuchinja. Sitakuja kukuhurumia, na wewe usinihurumie. Nitakufundisha ishara, kwanza zile za jikoni. Nitafika Alhamisi jioni, sijui saa ngapi, inategemea magari.

Binti yako, Arafa

*

Bungoma, 21 Novemba 2009

Mwanangu Arafa,

Salaam. Naandika upesi ili barua hii ikutangulie.

Watu wameulizia kama utakuja. Nimewaambia utakuja, na kwamba utakuja peke yako, na kwamba Naim si mume wako tena. Nimewaambia mwenyewe, mmoja mmoja, nyumba hadi nyumba, Wekoye akiwa kando yangu. Walisema mengi. Bahati nzuri sikusikia hata moja. Wekoye alisikia yote na hajaniambia. Kwa hiyo ukishuka hapa hakuna swali lililobaki.

Chumba chako nimekipiga deki. Maziwa yatakuwepo, chupa mbili.

Jambo moja. Ukifika usibishe hodi, wala usiite langoni, utasimama hapo mpaka giza liingie na mimi niko ndani nakungoja. Lango sitalifunga na mlango nitaurudisha tu. Sukuma, uingie. Nitakuwa jikoni. Ukinikuta nimekupa mgongo, niguse begani, nitageuka.

Babako, Mohamud